Aliyevunja Kanopi ya Kwamsisi

Ukifika Kwamsisi leo ukauliza habari za Mkaguzi, hutaambiwa kwamba alikuwa mtu mwangalifu, wala hutaambiwa kwamba aliogopa ngazi kuliko nyoka. Utaambiwa jambo moja tu: ndiye aliyetuvunjia kanopi. Kanopi ni lile paa dogo la zege linalotokeza mbele ya mlango wa zahanati, halina nguzo hata moja chini yake, na akina mama hukaa kivulini pale kusubiri kliniki ya watoto. Ilijengwa, akaja mzee na kimashine chake, ikavunjwa, ikajengwa tena. Hiyo ndiyo hadithi yao. Nimeisikia miaka mingi nikanyamaza, kwa sababu nondo za kanopi ile nilizisuka mimi.

Nitafika huko, msinikimbize. Kwanza nimseme yeye mwenyewe, maana nisipomsema mimi atasemwa na wale.

Mbele yake tulimwita Mkaguzi. Nyuma yake, sisi mafundi tulimwita Mganga wa Zege, na wewe ungemwona ungemwita hivyo hivyo. Alifika saa mbili asubuhi, suruali imepigwa pasi ikasimama, miguuni kavaa ndala. Buti za kazi alizibeba kwenye mfuko wa rambo ili zisichakae. Akifika ndani ya uzio anakaa juu ya tofali, anavaa buti, anakunja ndala zake ndani ya gazeti. Kisha anatoa kimashine chenye ukubwa wa pasi, kina magurudumu manne madogo na kioo cha kusomea. Anakipitisha kwenye nguzo taratibu, kichwa kakiinamisha upande. Kinalia tii. Anachora mstari wa chaki. Kinalia tena, mstari mwingine. Baada ya nusu saa nguzo nzima ina mistari myeupe, yeye anaangalia mchoro, anaangalia nguzo, anakohoa kidogo, na mwenye nyumba pale pembeni anatokwa jasho kama amekuja kuulizia nani kamwibia ng'ombe.

Kazi yenyewe haikuwa na uganga wowote. Zege likishakauka, nondo hazionekani tena, na hapo kila mtu ni mkweli. Mchoro unataka nondo nane za unene fulani, ringi za kuzifunga kila baada ya hatua fulani, na zege la kuzifunika kiasi fulani zisipate kutu. Fundi anasema nimeweka. Mwenye nyumba anasema niliziona kwa macho yangu. Mkaguzi yeye alikuwa na neno lake moja, alilisema kwa upole mpaka linakera: "Tusibishane, tuulize ukuta."

Mimi na yeye tulianza kwa kubishana. Ilikuwa Korogwe, jengo la maduka ghorofa moja, si mbali na stendi. Mimi ni mwanamke na nasuka nondo, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge, na nilishachoka kuulizwa na kila mwanaume anayepita kama kweli hizi nimekunja mwenyewe. Basi Mkaguzi akapitisha kimashine kwenye nguzo yangu ya kona, akahesabu saba, akaandika kwa chaki. Mchoro unasema nane. Nilimpandishia. Nikamwambia mzee, shikamoo yako nilishakupa, sasa nipe nondo yangu. Mafundi wenzangu wakatafuta mahali pa kutazama. Yeye hakukasirika. Alinipa kimashine mkononi, akaniambia nimwonyeshe. Sikuwahi kukishika. Nikakipitisha haraka haraka kama nafuta meza, kikalia mara saba. Akanishika kiwiko, akanipunguza mwendo, akanigeuzia kile kimashine upande. Pale kwenye kona, mlio ulikuwa mrefu kuliko mingine. Nondo mbili zilikuwa zimesogeleana zikalia kwa sauti moja. Alifuta saba kwa kiganja, akaandika nane, akasema mbele ya mwenye jengo kwamba mashine nayo hukosea na ndiyo maana inatembea na mtu. Kisha akanigeukia akaniambia kwamba nane ziko, lakini mchoro haukusema zikumbatiane. Nilinuna mpaka jioni.

Tangu siku hiyo, kila nilipoitwa kazini nilisuka kama vile yupo nyuma yangu. Nilimchukia kwa hilo pia.

Nimesema aliogopa ngazi. Si kuogopa kidogo. Huyu ni mtu ambaye riziki yake ilikuwa kupanda juu ya majengo, lakini akifika hatua ya nne ya ngazi anafumba macho. Alikuwa na utaratibu: anatafuta mama mmoja kati ya wale wanaochota maji ya zege, anamwomba ashike ngazi, na amsimulie jambo lolote. Lolote. Nani kaolewa Mombo, nani kagombana na mkwewe. Yeye anapanda huku anaitikia, "Enhee, kisha?" na mama akinyamaza anasimama hapo hapo, hapandi wala hashuki. Kwa njia hii alijua habari za nyumba zote kuanzia Korogwe mpaka Handeni, na hakuwahi kuzirudia kwa mtu. Mambo ya watu yaliingia kwake yakakauka huko huko.

Chakula nacho kilikuwa na sheria. Kwetu huku mwenye jengo akimwaga zege anapika, na siku ya ukaguzi vilevile anapika, na si kwa ubaya, ni heshima tu. Mkaguzi hakugusa chakula cha mtu kabla ya kumaliza kupima. Alikuja na mihogo yake ya kuchemsha kwenye kikopo cha plastiki. Akimaliza kupima na kazi ikawa nzuri, hapo alikula mpaka wapishi wanatazamana, sahani ya tatu anasema ongeza mchuzi. Ikawa ripoti haisubiriwi tena. Watu walitazama mkono wake: ukienda kwenye wali, wanapiga makofi, ukienda kwenye kikopo, mwenye nyumba anatafuta mahali pa kukaa.

Halafu kuna lile la ng'ombe, na hili nililiona kwa macho yangu. Tulikuwa kwenye nyika ya Handeni, kwa wafugaji, kumejengwa josho la zege la kuogeshea mifugo. Mzee mmoja wa Kimaasai alikaa kutwa nzima ameegemea fimbo, anatazama kimashine kinavyolia. Mwisho akauliza kama kweli kinaona chuma kilichojificha. Mkaguzi akasema ndiyo. Yule mzee akaenda, akarudi anaswaga ng'ombe jike aliyekonda, akasema huyu ana wiki mbili hali vizuri, naona kameza msumari, mpime. Mimi nilicheka. Mkaguzi hakucheka. Alieleza kwa adabu kwamba mashine haioni mbali, kina cha kiganja tu, na tumbo la ng'ombe ni safari ndefu. Mzee akasema wewe pima. Basi akapima. Alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akapitisha kimashine ubavuni mwa ng'ombe taratibu kama anavyopitisha kwenye nguzo, na kikalia. Watu wote tukaruka. Akarudia, kikalia tena. Ndipo akainua macho akaona sime ya mzee kiunoni, imelala sawasawa na ubavu. Akamwomba arudi nyuma hatua tatu. Kimya. Akasema, "Ng'ombe wako sijui, mzee wangu, lakini sime yako ni nzima." Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nilichopenda ni kwamba jioni nilimsikia Mkaguzi akimpigia simu mtu anayejua mifugo, akamwelekeza mpaka boma lenyewe, na hakumwambia mtu.

Mnaweza kudhani mtu kama huyu nyumbani kwake ni ngome. Nilifika Kilole kwake mara moja, kupeleka mchoro. Nyumba ya miti na udongo, bati juu, imepigwa chokaa. Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Mtu anayezuia ghorofa za watu kwa sababu ya nondo moja, kwake hakuna hata kipande cha waya! Akaniona ninavyotazama. Akasema hii haimpi shida, miti yote anaiona, ikichoka inampa taarifa kwa kuinama. Mke wake kutoka ndani akasema inamwambia kila masika na hasikii. Walibishana mbele yangu kwa raha, na mimi nikapewa chai.

Sasa Kwamsisi.

Zahanati ile watu waliijenga kwa mikono yao. Mchanga walibeba, mawe waliponda, maji yalikuja kwa baiskeli, madumu manne manne. Mimi niliitwa kusuka nondo, na nilizisuka vizuri, nasema bila haya. Kwenye kanopi nondo kubwa zinakaa juu, si chini. Nyoosha mkono mbele, mtu akutundikie ndoo ya maji, utasikia panapovutika ni juu ya bega. Kanopi ni hivyo hivyo. Basi nondo zangu za juu nilizikalisha kwenye viti, vile vipande vya nondo tunavyovikunja ili kuzishikilia zisishuke. Viti vilikuwa vichache kuliko nilivyotaka, lakini vilitosha kama hakuna mtu atakayezipanda.

Siku ya zege ikaja, na kule wana desturi yao. Jengo la watu wote, kila mzee lazima amwage ndoo moja kwa mkono wake, ili kesho akipita aseme nami nimejenga. Wakapanda. Mmoja mmoja, na kanzu zao na makoti yao, wanasimama juu ya nondo zangu, wanamwaga ndoo, wanapigwa picha kwa simu, vigelegele, anashuka, anapanda mwingine. Mzee mmoja mnene aliomba arudie kwa sababu alifumba macho kwenye picha. Na mimi nikaona nondo zikilala. Niliona viti viwili vikipinduka. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Utamwambiaje mzee wa watu, mbele ya wajukuu zake, shuka hapo unaharibu? Nilipenya na kulabu yangu nikavuta juu zile nilizozifikia, zege likanipita, likafunika, na wali ukapakuliwa. Nilikula.

Mkaguzi alikuja zikiwa zimepita wiki kadhaa. Mbao na mirunda ya kuishikilia ilishatolewa, kanopi imesimama inapendeza, watu wamejaa chini yake wanamtazama anavyovaa buti. Akaanza na kanopi. Hakuanza na nguzo wala mkanda wa zege juu ya kuta, alikwenda moja kwa moja kwenye kanopi. Mama mmoja akashika ngazi, akamsimulia habari za harusi, yeye akafika juu, akapima, akapima tena, akanyamaza mpaka yule mama akaishiwa na habari. Aliposhuka alisema nondo za juu zimeshuka chini, na zege la aina hiyo halitoi onyo, siku likichoka linaanguka lote. Akaomba watu wote watoke pale, mirunda irudishwe, kanopi ivunjwe.

Kelele zikaanza. Mwenyekiti akauliza zimeshukaje. Mkaguzi akasema zimekanyagwa siku ya zege. Ohoo! Wazee wakasimama. Yaani sisi ndio tumeharibu? Sisi tuliobeba mawe? Akageuka akanitazama, akauliza mbele ya wote, "Fundi, una la kusema?"

Nilikuwa na la kusema. Nilisema, "Labda mashine imekosea."

Alinitazama muda mfupi tu. Angeweza kuchukua tindo akachimba pale pale nondo zikaonekana, na jina langu lingeishia siku ile. Hakuchimba. Alisema mashine haijakosea, akaandika karatasi zake, akavua buti. Mihogo hakuila, wali hakuugusa, na watoto walimzomea mpaka barabarani.

Kuvunja nilivunja mimi na mafundi wangu wawili. Wenyeji walisusa, hakuna aliyekuja kutazama, kwa hiyo hakuna aliyeona nondo zilipolala. Niliona mimi. Zilikuwa chini kabisa, zimejipanga kama zimekusudia. Nikasuka upya, viti nikaweka vingi, kazi hiyo sikuitakia malipo, na siku ya zege nikaziba ngazi nikasema wazee watamwagia msingi wa choo. Wakakubali. Walinipenda kweli kweli. Walisema fundi wetu katuokoa na yule mvunjaji, wakanipa jogoo. Na mimi jogoo yule nilimla, mifupa nikaitafuna.

Basi jina langu likapanda, lake likashuka, na hatukuwahi kuliongelea. Tulikutana kazini mara nyingi baada ya hapo. Alipima kazi zangu kama anavyopima za wengine, akala wali wangu sahani tatu tatu. Kila mara nilitaka kumwambia, na kila mara nilijipa sababu. Ana watu. Ana haraka. Buti zinambana.

Sasa ameshastaafu. Kimashine kilirudishwa kilikotoka, amebaki na chaki mfukoni, sijui za nini. Miezi michache iliyopita nilikuwa Kwamsisi tena, wanaongeza chumba cha kujifungulia, nimekaa juani nakunja ringi. Pikipiki ikasimama, akashuka yeye, amevaa ndala. Alikuwa anatoka kwa binti yake aliyeolewa kijiji cha mbele, akasikia napiga kazi hapa, akasema apite anisalimie. Amekonda. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba kwanza apumzike kivulini.

Chini ya kanopi palijaa, ilikuwa siku ya kliniki. Kwenye benchi alikaa bibi mmoja amempakata mjukuu. Marehemu mume wake alikuwa yule mzee mnene aliyeomba kupigwa picha mara ya pili, na ile picha bado iko ukutani kwake. Bibi alimtazama Mkaguzi, akamtambua. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu ndiye aliyevunja, huyu ndiye aliyesema marehemu kaharibu zahanati. Wenzake wakatanua kanga, benchi likajaa ghafla. Mkaguzi akasema marahaba kwa watoto waliomwamkia, akarudi kusimama juani karibu na nondo zangu, anatabasamu kama mtu aliyekosa basi.

Nikaacha ringi. Nikamwambia: mzee, siku ile niliona. Niliziona zikikanyagwa, nikanyamaza, halafu nikaisingizia mashine yako.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Siku ile nilipofika, watu wote walikuwa chini ya kanopi. Wewe peke yako ulikuwa juani, na watoto wakikimbilia kule kivulini ulikuwa unawaita watoke. Nikajua pa kuanzia kupima."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema yeye alitumwa kuuliza zege, hakutumwa kuniuliza mimi. Mimi alinipa nafasi mara moja, nikaitumia nilivyoona. Hakusema kwa uchungu, na hicho ndicho kilichoniumiza. Ningependa anitukane.

Nilikwenda mpaka kwenye benchi. Nikamwambia bibi mbele ya wote kwamba mume wake hakukosa na huyu mzee hakusema uongo. Nondo zilishuka, mimi niliziona zikishuka, na kazi ya kumwambia marehemu ashuke ilikuwa yangu. Niliogopa. Kama kanopi ile ingeachwa, leo ingekuwa imewaangukia wao na hawa watoto. Na jogoo nilikula.

Mtoto mmoja alilia, akanyonyeshwa. Bibi alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akanirudia tena kutoka chini kwenda juu. Kisha akamhamishia mjukuu kwenye goti la pili, akawasukuma wenzake kwa nyonga.

"Sogeeni," akasema, "mzee akae."

Mkaguzi akaja, akakaa, akapewa mjukuu ampakate. Nami nikainama niingie kivulini nikae pembeni yake.

"Wewe," bibi akasema, "baki huko huko juani."

Nikabaki.